Nimpe Kona ya Ukuta?



Ujumbe ninaotaka tuuzungumze leo umetoka Maskati. Aliyeuandika ni kijana wa Tanga, fundi umeme wa majengo, anayeishi chumba kimoja na wenzake watatu: Mtanzania mwenzake, Mhindi wa Kerala na Msinhala wa Sri Lanka. Vitanda viwili vya deka, kabati moja, kiyoyozi kimoja. Ameanza kwa shikamoo, nami namwitikia marahaba hapa hapa hewani, kisha ameingia kwenye shida yake. Yule Msinhala amemwomba ruhusa ya kupigilia rafu ndogo ukutani, kwa ajili ya madhabahu yake ya Kibudha. Ukuta uliobaki wazi ni ule ulio upande wa miguu ya kitanda cha kijana wetu. Kwingine kuna dirisha, mlango na kiyoyozi. Anaandika: "Mama, huyu jamaa ni mtu mwema, nilipougua alinipikia uji siku tatu. Lakini mimi ni Mwislamu. Nimpe hiyo kona ya ukuta? Na kitu chenyewe hasa ni nini? Nisije nikakubali jambo nisilolijua."

Mwanangu, maswali yako ni mawili. La halali na haramu si langu, lipeleke kwa shehe unayemwamini. La pili, kwamba kitu chenyewe ni nini na kinataka nini, hilo ninaweza kukusaidia, na naona ndilo la kutangulia, kwa sababu hata huyo shehe atakuuliza hivyo hivyo kabla hajakujibu.

Nianze na neno. Sisi tunasema madhabahu, na neno hilo tumelipata kwenye Kiarabu, kwenye kuchinja. Ni ndugu wa dhabihu. Madhabahu kwa asili yake ni mahali pa kuchinjia. Kwa Wabudha neno hilo limekaa kama kanzu ya kuazima, halimkai mvaaji mabegani. Ahadi ya kwanza katika zile tano ambazo Mbudha wa kawaida hujiwekea ni kutoua kiumbe chenye uhai. Kwenye rafu ya mwenzako hakutamwagika damu hata ya kifaranga. Kutakuwa na maji, maua, taa, harufu nzuri, na siku nyingine wali kidogo kwenye kisahani. Wathai huiita hing phra, na hing ni rafu tu, kama rafu ya vyombo. Nitaendelea kusema madhabahu kwa kuwa ndilo neno tulilo nalo, ila kila ukilisikia, ondoa kisu mawazoni.

Sasa sanamu, maana najua ndiyo inayokukereketa. Budha alikuwa mtu. Alizaliwa katika nchi za chini ya Himalaya, akaishi na kufundisha kaskazini mwa India yapata karne ya 5 kabla ya Kristo, akafa akiwa mzee, na wafuasi wake wakauchoma mwili wake. Kwa karne kadhaa baada ya hapo hawakumchonga. Ukitazama mawe ya zamani ya Sanchi, kule India ya kati, anapotakiwa kuonekana yeye utaona mti, au gurudumu, au nyayo mbili, au kiti kitupu chenye watu wameinama mbele yake. Sanamu zenye sura ya mtu zilianza kuenea yapata karne ya kwanza baada ya Kristo, katika Gandhara, ambayo sehemu yake kubwa leo iko Pakistan, na katika mji wa Mathura. Kwa hiyo Ubudha uliwahi kuishi muda mrefu bila sanamu ya mwalimu wake, na wako Wabudha hadi leo wanaotundika maandishi tu mahali ambapo wengine wangeweka sanamu. Nitakuja kwao.

Na kuna kisa wanachosimuliana watawa wa Kichina na wa Kijapani. Danxia, mtawa wa karne ya 8, alilala kwenye hekalu usiku wa baridi kali, akachukua sanamu ya Budha ya mti akaitia motoni aote. Mwangalizi wa hekalu akaja juu. Danxia akamwambia anatafuta masalio matakatifu katika majivu. Yule akasema, kwenye gogo kutatoka masalio gani? Basi, akajibu Danxia, nipe na zile nyingine. Kisa hiki hakisimuliwi ili watu wachome sanamu. Kinasimuliwa na watu ambao kila asubuhi wanazipangusa vumbi sanamu hizo kwa kitambaa safi, wakijua kwamba ni mti.

Sitaki kukudanganya kwamba kila Mbudha anafikiri kama Danxia. Ukipita Colombo au Bangkok utawakuta watu wanaopiga magoti wakiomba mtihani, mtoto, visa ya kwenda Korea. Binadamu ni yule yule. Lakini mafundisho yanayosomwa na watawa wa Sri Lanka ni kwamba mwalimu ameshaondoka, haji kunywa maji uliyoyaweka. Anayefaidika ni yule aliyeamka mapema, akaosha kikombe, akatoa kitu chake bila kutegemea kurudishiwa. Kutoa huko kunamlegeza mkono uliozoea kushika.

Niliwahi kualikwa nyumbani kwa familia ya Kisinhala, Dar es Salaam. Rafu yao ilikuwa sebuleni, juu ya kimo cha mtu, na chini yake hapakuwa na kiti. Mama wa nyumba alikuwa ameokota maua asubuhi, meupe, akayapitisha kwenye maji na kuyapanga kwenye sahani, vikonyo vimetazama ndani. Mjukuu wake wa miaka kama minne akachukua ua moja na kulipeleka puani. Bibi akamshika mkono pole pole akamwambia kitu kwa Kisinhala. Baadaye aliniambia: ua la kutoa halinuswi kwanza. Ukishalinusa umeshalitumia, unatoa mabaki. Kisha akaniambia jambo ambalo nimelishika hadi leo. Jioni yale maua yatakuwa yamenyauka, na yeye anayatazama yakinyauka makusudi. Wanapoyaweka wanatamka maneno ya kujikumbusha kwamba mwili nao unakwenda njia hiyo hiyo. Ndiyo maana, alisema, hapendi maua ya plastiki. Ya plastiki hayafundishi kitu.

Mwanangu, wako watu siku hizi, Ulaya na Marekani na hata huku kwetu, wanaoanza madhabahu ya nyumbani kwa kwenda dukani. Wananunua sanamu kubwa ya shaba, bakuli la kengele, mkeka na kinara, vyote siku moja. Baada ya miezi miwili vumbi limeshika. Naona wameanzia mwisho. Kinachotakiwa kwanza ni mahali na saa. Kikombe kimoja cha maji kinachobadilishwa kila asubuhi kwa mwaka mzima kina uzito kuliko shaba yote hiyo.

Kwenye jambo hili la maji hakuna waliofikiri kwa undani kama Watibeti. Wao hupanga vikombe saba kwa mstari, karibu karibu bila kugusana, nafasi ya kama punje ya nafaka baina ya kimoja na kingine. Asubuhi huvijaza kuanzia kushoto, wakiacha ukingo kidogo juu yasimwagike. Jioni kabla ya giza huvimimina kuanzia kulia, maji yakaenda kwenye mimea, kisha huvikausha kwa kitambaa na kuvifunika kifudifudi hadi kesho. Kikombe kitupu hakiachwi kimetazama juu. Inasimuliwa kwamba Atisha, mwalimu wa Kibengali aliyefika Tibet mwaka 1042, aliyasifu maji ya milima ile akasema hayo peke yake yanatosha kuwa sadaka. Sababu wanayoitoa walimu ni nyepesi kuielewa. Dhahabu ukiitoa roho itakuuma, au utajisifu. Maji hayamtoi mtu jasho la wivu, tajiri anayo na maskini anayo, kwa hiyo unaweza kuyatoa yote bila moyo kubaki nyuma.

Nimetaja harufu nzuri, na hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa hapa sisi watu wa pwani na wao tumekutana bila kujuana. Ule udi ambao mama yako Tanga anautia kwenye chetezo, ule unaofukiziwa bibi harusi, ule ambao Maskati unauona umepangwa kwenye vioo kwa bei ya kutisha, ndio huo huo unaofukizwa mbele ya Budha. Ni mti wa misitu ya Assam, Vietnam, Kambodia na Indonesia, ambao ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu hutoa utomvu mweusi mzito wa kujitibu. Majahazi yaliuleta magharibi, Uarabuni na Unguja. Merikebu nyingine ziliupeleka mashariki. Wajapani wana kitabu cha historia kiitwacho Nihon Shoki, kilichokamilika mwaka 720, na ndani yake imeandikwa kwamba mwaka 595 gogo lilipwelewa kwenye kisiwa cha Awaji. Wenyeji hawakujua ni nini, wakalichanganya na kuni za kupikia. Moshi wake ukanukia mbali, wakashtuka, wakalitoa na kulipeleka kwa mtawala. Lilikuwa udi. Hadi leo kisiwa hicho ni mahali pakubwa kuliko pote Japani pa kutengenezea vijiti vya kufukiza. Kwa hiyo siku mwenzako atakapowasha kijiti chake, mwanangu, usiseme chumba kinanuka mambo ya kigeni. Kinanuka Unguja.

Japani ndiko madhabahu ya nyumbani yalikokua yakawa fanicha, yakawa sheria ya nchi, yakawa siri ya kufia.

Mwaka 685, mtawala Tenmu alitoa amri kwamba katika kila mkoa, kila nyumba itengeneze mahali pa Budha, iweke sanamu na vitabu, na kutoa chakula. Wako wanahistoria wanaosema nyumba zilizokusudiwa ni za maofisa wa serikali, si vibanda vya wakulima, nami naona wana hoja, maana mkulima wa siku hizo angetoa wapi sanamu? Wakulima walifikiwa karne nyingi baadaye, na aliyewafikia ni Rennyo, aliyezaliwa mwaka 1415 na kufa mwaka 1499. Huyu aliongoza madhehebu ya Honganji, wanaomtegemea Budha aitwaye Amida. Rennyo hakuwaambia maskini wanunue dhahabu. Aliwaandikia kwa wino kwenye karatasi jina la wanayemtegemea, maneno machache tu, Namu Amida Butsu, wakaitundika ukutani kwenye chumba cha udongo, na hapo pakawa mahali pao. Hawa ndio wale niliosema nitakuja kwao. Rennyo aliliweka jina lililoandikwa mbele ya picha, na picha mbele ya sanamu ya mti.

Kisha ukaja utawala wa Tokugawa. Mwaka 1614 Ukristo ulipigwa marufuku nchi nzima, na baada ya uasi wa Shimabara wa mwaka 1637 na 1638, mkazo ukawa wa kutisha. Kila familia ilitakiwa iandikishwe kwenye hekalu la Kibudha, na mtawa athibitishe kwamba si Wakristo. Wakati wa sikukuu ya wafu, mtawa alipita nyumba kwa nyumba kusoma dua mbele ya madhabahu. Nyumba isiyo na madhabahu ingeeleza nini? Hivyo kabati lenye milango miwili, butsudan, likaingia kila mahali, mjini na shamba.

Ninapofika hapa huwa nasimama. Kule Nagasaki, Wakristo waliobaki kwa siri waliweka kwenye nyumba zao vijisanamu vyeupe vya Kannon, mwenye huruma wa Kibudha, amembeba mtoto. Mpelelezi akiingia anaona Kannon. Wao walikuwa wakimwona Bikira Maria. Waliishi hivyo zaidi ya miaka 200, hadi siku moja ya Machi mwaka 1865 walipojitokeza kwa padri Mfaransa kwenye kanisa jipya la Oura. Na kusini zaidi, Satsuma, ambayo leo ni Kagoshima, mambo yaligeuka. Huko watawala waliwapiga marufuku wafuasi wa Rennyo tangu mwaka 1597 hadi 1876. Wabudha ndio waliojificha. Walisali mapangoni usiku, na mafundi wa Kawanabe wakatengeneza kabati ambalo kwa nje ni la nguo, lina droo na vishikio, ukivuta mlango ndani kuna madhabahu inayong'aa dhahabu. Waliokamatwa waliteswa, na wengine waliuawa.

Nchi moja, miaka ile ile. Huku Mkristo anajificha nyuma ya Budha, kule Mbudha anajificha nyuma ya nguo. Hiyo kona ya ukuta ambayo mwenzako ameiomba kwa adabu, wapo waliolipa roho zao kwa kuwa nayo.

Butsudan yenyewe, ukiiona ile kubwa ya zamani, ni kazi ya watu wengi. Hikone, karibu na ziwa Biwa, wanahesabu mafundi wa aina saba: wa kabati, wa kijumba cha ndani kinachofanana na hekalu, wa nakshi, wa rangi ya utomvu, wa jani la dhahabu, wa vyuma vya kupambia, na wa kuchora kwa unga wa dhahabu. Inaelezwa kwamba waliotengeneza deraya na silaha za samurai ndio walioingia kazi hiyo vita vilipokwisha. Nyingine hazipakwi dhahabu, zinaachwa na rangi ya mti mweusi mzito, unaofanana kwa macho na mpingo wetu.

Lakini si fundi aliyenifanya niipende butsudan. Ni yanayotendeka mbele yake. Kwenye madhehebu mengi ndani ya kabati, chini ya Budha, kuna vibao vidogo vilivyoandikwa majina waliyopewa marehemu wa familia. Huitwa ihai. Wali ukiiva, wa kwanza kupakuliwa ni wao, kwenye kikombe kidogo cha shaba, mvuke ukitoka bado. Baadaye kinashushwa na kuliwa, hakitupwi. Mgeni akileta keki au matunda, zawadi hukaa kwanza mbele ya kabati. Mtoto akipata ripoti nzuri ya shule anaipeleka pale, anagonga kakengele kadogo, anafumba mikono, anamwambia babu. Mshahara wa kwanza hali kadhalika. Na wakati wa Obon, sikukuu ya wafu ya kiangazi, wanachukua tango na bilinganya, wanavichomeka vijiti vinne vinne viwe miguu. Tango ni farasi, ili marehemu waje nyumbani mbio. Bilinganya ni ng'ombe, ili warudi taratibu.

Sisi ambao tunasoma hitima, ambao tunapalilia makaburi, tunalielewa hilo bila kufundishwa, ijapokuwa hatungelifanya kwa namna yao. Baada ya tsunami ya tarehe 11 Machi 2011, walionusurika walirudi kwenye vifusi, na miongoni mwa vitu walivyovitafuta kwa mikono yao katika tope ni vibao vile.

Siku hizi vyumba vya Tokyo ni vidogo kama chako, mwanangu, na kabati la dhahabu lenye kimo cha mtu halipiti hata mlangoni. Wanatengeneza visanduku vya kukaa juu ya meza, na mishumaa ya betri kwa kuogopa moto. Vijana wengine hawataki kabati la bibi wakati bibi anapohamia nyumba ya wazee. Kwa desturi halitupwi hivi hivi. Mtawa huitwa, husoma, hulitoa kwenye kazi yake kwa heshima, ndipo linarudi kuwa mbao. Napenda wanavyofikiri: kitu kilipewa kazi kwa maneno, na kinaachishwa kazi kwa maneno.

Kuna jambo linaloniudhi, nami nalisema wazi. Kwenye mahoteli yetu ya pwani, kwenye vyumba vya kusinga wageni, kwenye bustani za matajiri, siku hizi kimewekwa kichwa cha Budha. Kichwa tu, kwenye ngazi au kando ya bwawa la kuogelea, taulo zimetundikwa pembeni. Mnajua mtindo wa kichwa peke yake ulitoka wapi? Sanamu nyingi za zamani za Asia zilikatwa vichwa na wezi kwa kuwa kichwa ni chepesi kubeba na kuuza. Tunachopamba nacho ni umbo la wizi. Mwaka 2014 Sri Lanka ilimrudisha kwao mtalii Mwingereza kwa sababu alikuwa na chale ya Budha mkononi. Naweza kubishana na serikali iliyofanya hivyo, ila siwezi kujifanya sielewi kilichowauma. Ungeona msahafu umewekwa kuzuia mlango usifunguke, ungejisikiaje?

Wala Wabudha si watu wa mbali kwetu. Dar es Salaam kuna hekalu lao, Upanga, lililoanzia kwa Wasinhala waliokuja Tanganyika mwanzoni mwa karne ya 20, na ndani ya ua wake umesimama mti wa Bodhi, wa jinsi ile ambayo Budha alikaa chini yake. Uganda, mtawa Mganda aitwaye Bhante Buddharakkhita alianzisha kituo cha Kibudha mwaka 2005, karibu na Entebbe. Ukitaka kuona Mwafrika wa kwetu akipanga maua mbele ya Budha, huna haja ya kupanda ndege kwenda Asia.

Haya, turudi Maskati, kwenye chumba chenye vitanda viwili vya deka.

Mwenzako atahitaji rafu yenye upana wa kiganja mara mbili, iliyo juu ya kichwa cha mtu aliyesimama, au angalau juu ya kichwa cha aliyeketi. Haitakiwi iwe chini ya ngazi wala kwenye ukuta unaopakana na choo. Ataweka sanamu au picha, juu kabisa, na vitu vingine chini yake. Maua ataokota anakoweza. Asipopata, maji yatatosha. Chakula akiweka, ataweka kabla ya saa sita mchana, kwa sababu Budha na watawa wake hawakuwa wakila baada ya hapo. Taa kwao ni ya mafuta ya nazi kwenye kisahani cha udongo, lakini katika chumba chenye magodoro na mapazia, mwambie kwa upendo atumie ya betri. Hatakasirika. Kijiti cha kufukiza akiwashe dirisha likiwa wazi, kiyoyozi kimezimwa, na kisimame kwenye kikombe cha mchanga. Hayo unaweza kumwambia wewe, fundi umeme, kwa kuwa unajua moto unavyoanza.

Wewe nawe kuna machache utakayotakiwa. Usiweke funguo, chaja wala pakiti ya sigara kwenye rafu hiyo, hata kama ina nafasi. Usiishushe sanamu kwa kuishika kichwani. Ukitaka kupiga picha, usisimame kuipa mgongo. Hakuna atakayekutaka uiname. Na utakapotaka kusali, mwenzako mwenye akili zake atakuacha usali, kama anavyokuacha sasa.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu mara tu nilipousoma ujumbe wako. Umesema ukuta ulio wazi uko upande wa miguu ya kitanda chako. Kwa Wasinhala, kama kwa Wathai na Watibeti, kumnyooshea Budha nyayo za miguu ni kumvunjia heshima. Mwenzako anajua hilo tangu utotoni. Ameomba ukuta huo kwa kuwa hana mwingine, na kila usiku atalala akijua nyayo za rafiki yake zinaelekea alikoweka maua yake, wala hatakuambia, kwa sababu ni mtu mwema na wewe ndiye mwenye kitanda.

Ukishazungumza na shehe wako na ukaona moyo umekubali, basi badilishaneni vitanda. Yeye alale hapo, kichwa upande wa rafu, nawe uchukue kile cha kwake.